TARISS na Wadudu wa Sanya Juu: Tunajua Mto Ni Mzima, Hatujui Nani Anaishi Humo

Kazi tunayoihakiki leo ilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la African Journal of Aquatic Science. Walioiandika ni Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akishirikiana na Jenny Day na Helen Dallas wa Afrika Kusini. Ndani yake wanautambulisha mfumo unaoitwa TARISS, yaani mfumo wa Tanzania wa kuupa mto alama kwa kuangalia wadudu na wanyama wengine wadogo wasio na uti wa mgongo wanaoishi majini. Kama unasoma mambo ya maji, mazingira au uvuvi hapa nchini, ama umeshakutana nao au utakutana nao kabla hujavaa joho.

Niseme mapema ili tusije tukagombana bure: TARISS ni kazi nzuri na nchi ilikuwa inaihitaji. Ninachokihakiki ni pengo lililomo ndani yake, na namna sisi watumiaji tunavyolipanua pengo hilo. Mfumo uliotengenezwa kujibu swali "je, mto huu ni mzima?" tunaugeuza kuwa jibu la swali jingine kabisa: "je, mto huu una wadudu gani?" Ripoti ikishasema familia kadhaa zimepatikana, tunaandika "bioanuwai ni nzuri", tunafunga faili, tunakwenda kula.

Nitaisoma kazi hii nikiitazama kutokea sehemu moja: Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, magharibi mwa Kilimanjaro. Vijito vya huku hutoka msituni, hupita kwenye vihamba vya migomba na kahawa, hugawanywa na mifongo (ile mifereji ya asili ya Wachagga), huingia kwenye mashamba ya mahindi na parachichi, na kile kinachobaki huteremka kuelekea Mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kuna sababu ya pili ya kuichagua Sanya Juu, ambayo wengi hawaijui: jirani yake kabisa ni mojawapo ya sehemu chache Tanzania ambazo wadudu wake walikusanywa kwa utaratibu zaidi ya miaka 115 iliyopita. Tutafika huko.

Mfumo wenyewe unafanyaje kazi

Chukua wavu wenye fremu ya sentimita 30 kwa 30. Ingia mtoni, weka wavu upande ambao maji yanaelekea, kisha piga mateke na sugua mawe kwa miguu kwa dakika mbili hivi. Waliojificha chini ya mawe wanang'oka na kuingia wavuni. Pitisha wavu kwenye majani ya kingo. Vuruga mchanga na tope kwa dakika moja. Mimina vyote kwenye sinia jeupe lenye maji, toa majani na vijiti, halafu angalia kwa robo saa na uandike kila familia ya wadudu unayoiona.

Kila familia ina alama yake kati ya 1 na 15. Alama hizi asili yake ni Afrika Kusini, kwenye mfumo unaoitwa SASS, ambao toleo lake la tano lilichapishwa na Dickens na Graham mwaka 2002. Kina Kaaya waliuchukua muundo huo na kuurekebisha ufae kwa mito ya Tanzania. Katika SASS, familia ya Chironomidae (wale vijidudu vyekundu kama nyuzi unaowakuta kwenye tope linalonuka) ina alama 2. Familia ya Perlidae, wadudu bapa wenye mikia miwili wanaokimbia chini ya mawe ya maji baridi, ina alama 12. Prosopistomatidae, ambao ukiwaona utadhani ni kidude cha kobe kimeganda kwenye jiwe, wana 15 kamili. Unajumlisha alama zote, unagawa kwa idadi ya familia, unapata wastani. Wastani ukiwa juu, maji ni mazima. Ukiwa chini, kuna tatizo.

Kwa nini hili linafanya kazi? Jibu ni oksijeni. Wadudu wengi wa majini wanapumua kwa mashavu membamba sana, kwa hiyo maji yakijaa uchafu unaooza na oksijeni ikapungua, wao ndio wa kwanza kuondoka au kufa. Chironomidae wengi wana hemoglobini, ileile inayofanya damu yako iwe nyekundu, na ndiyo maana wanastahimili tope lisilo na hewa. Halafu kuna suala la muda. Ukipima kemia ya maji leo saa nne asubuhi, umepima maji ya saa nne asubuhi. Kama kuna mtu alisafisha bomba la dawa mtoni juzi usiku, chupa yako haitajua. Mdudu aliyeishi pale kwa wiki au miezi atajua, au hatakuwepo.

Pale ambapo kazi hii inastahili sifa

Kabla ya TARISS, mtu aliyetaka kupima mto wa Tanzania kwa wadudu alikuwa anaazima alama za nchi nyingine na kuomba Mungu zifanane. Mto wa kitropiki una joto lake, mvua zake na viumbe wake. Kurekebisha alama kwa kufanya kazi kwenye mito yetu wenyewe ni hatua ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuwa zimeifikia.

Sifa ya pili ni bei. Wavu, sinia, kibano, mwongozo wa picha na mtu aliyefunzwa vizuri: hiyo ndiyo maabara yote. Ofisi ya bonde la maji inaweza kuifanya kazi hii kwa mchana mmoja na kupata jibu kabla jua halijazama. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuifanya. Mtaala wa sekondari ungeweza kuibeba bila shida.

Na kuishia kwenye familia lilikuwa jambo la lazima. Vitabu vya kutambua wadudu wa majini tunavyovitumia zaidi ni ile mfululizo ya miongozo ya Tume ya Utafiti wa Maji ya Afrika Kusini. Ukifika ngazi ya familia, inakusaidia vizuri. Ukiteremka hadi spishi za Afrika Mashariki, njia inakatika. Kina Kaaya walijenga nyumba kwa matofali yaliyokuwepo, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo.

Familia moja, wakazi wengi

Sasa tuje kwenye pengo. Nikupe mfano wa kerengende, kwa sababu kila mtu anamjua.

Familia ya Gomphidae ni kerengende ambao tunutu wake hujichimbia kwenye mchanga wa mto. Katika alama za SASS, familia yote ina 6. Ndani ya familia hiyo yupo Notogomphus kilimandjaricus, kerengende wa vijito vya milima yenye misitu, aliyepewa jina lake mwaka 1909 na Mswidi Yngve Sjöstedt kutokana na safari yake ya Kilimanjaro. Ndani ya familia hiyohiyo yupo pia Paragomphus genei, ambaye anapatikana kuanzia Afrika yetu hii mpaka kusini mwa Ulaya, na haoni shida kuishi kwenye vidimbwi vya mchanga vilivyo wazi juani.

Fikiria kijito kimoja juu ya Sanya Juu. Miti ya kingoni inakatwa, jua linaingia, maji yanapata joto, yule wa mlimani anaondoka na yule wa kila mahali anaingia. Mtafiti anakuja na wavu wake, anakuta Gomphidae, anaandika 6. Alikuja miaka kumi iliyopita akaandika 6. Ripoti inasema hakuna mabadiliko. Kumbe mkazi wa asili ameshahama na mpangaji mpya amechukua chumba chake, na karatasi yetu haina mahali pa kuliandika hilo.

Utasema mfano huu ni wa kufikirika. Sawa, tuje kwenye yaliyokwisha kutokea. Wale Perlidae wenye alama 12, kwa Afrika Mashariki ni jenasi moja tu, Neoperla. Mwaka 1952 mtaalamu wa Uingereza, Hynes, aliwaweka Neoperla karibu wote wa Afrika chini ya spishi moja, Neoperla spio. Kwa miaka mingi watu waliamini hivyo. Baadaye wataalamu walipochunguza kwa makini zaidi, walikuta chini ya jina hilo moja kuna spishi nyingi. Kwenye sinia jeupe la robo saa wote ni Perlidae, wote 12.

Mfano mwingine ni Baetis harrisoni, mdudu mdogo anayetumika sana kama kipimo cha hali ya mito. Mwaka 2012 watafiti wa Afrika Kusini walitumia vinasaba kumchunguza, wakakuta kwamba huyo "mmoja" ana nasaba tofauti zilizokwisha kuachana. Yaani hata jina la spishi lilikuwa linaficha watu. Sasa jina la familia linaficha wangapi?

Cha kuvutia ni kwamba mfumo wenyewe unalijua tatizo hili. Angalia jinsi SASS inavyotoa alama kwa familia ya Baetidae: ukikuta aina moja unatoa 4, ukikuta mbili unatoa 6, ukikuta zaidi ya mbili unatoa 12. Alama inatoka 4 mpaka 12 kwa sababu ya idadi ya aina ndani ya familia moja! Waliotengeneza waliona wazi kwamba kilichomo ndani ya familia kina habari nzito kuhusu mto. Lakini wakaishia kuuliza "wangapi", hawakuuliza "nani". Aina tatu za mwaka huu zinaweza zisiwe na hata moja kati ya zile tatu za mwaka 2015, na alama bado ni 12.

Swali la mzee wa mfongo

Mwaka jana nikiwa mtoni na wavu, alinikuta mzee mmoja aliyekuwa akisafisha mfongo. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, unavua nini humo? Samaki hakuna." Nikamwonyesha sinia. Akainama, akawaangalia vizuri wale wanaojenga vijumba vya mchanga, akauliza kama maji ni mazuri. Hilo nilimjibu. Kisha akauliza, "Na hawa ndio walewale wa zamani, au kuna walioondoka?"

Swali la kwanza la mzee, TARISS inalijibu. La pili hailijibu, hata ukiitumia kila mwaka kwa miaka hamsini. Sababu si familia peke yake. Kwa matumizi ya kawaida, ukishahesabu unawarudisha wadudu wengi mtoni. Ni utaratibu wa huruma na mimi naupenda. Lakini maana yake ni kwamba kinachobaki ni karatasi. Kesho mtu akigundua kwamba Neoperla wetu ni spishi tano, hawezi kurudi kuangalia wale wa mwaka 2015 ili ajue walikuwa akina nani. Data isiyo na sampuli haiwezi kusahihishwa. Hili kwangu ndilo kosa kubwa la namna tunavyoutumia mfumo huu, kubwa kuliko suala la familia.

Kibonoto, 1905

Siku hizi ukisikia Kibong'oto unafikiria hospitali ya kifua kikuu. Kwa watu wa entomolojia, jina hilo lina maana nyingine. Mwaka 1905 na 1906, miaka ileile ambayo kusini mwa nchi ilikuwa inaungua kwa Vita ya Majimaji, Sjöstedt aliongoza safari ya kisayansi ya Waswidi hapa Kilimanjaro na Meru, na mojawapo ya kambi zake kuu ilikuwa Kibong'oto, karibu na Sanya Juu. Yeye aliandika "Kibonoto". Matokeo yalichapishwa kwa mafungu matatu kati ya 1907 na 1910, sehemu kubwa kwa Kijerumani, kila kundi la wanyama na mtaalamu wake. Sehemu ya kerengende aliiandika yeye mwenyewe mwaka 1909.

Wadudu wenyewe wako Stockholm, kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya asili, kila mmoja na pini yake na kilebo chake. Vingi vya vilebo hivyo vinasema "Kibonoto, 1300–1900 m, Kulturzone". Kulturzone maana yake ni ukanda wa mashamba. Hapo pana jambo la kutafakari: sehemu nzuri ya mkusanyo ule ilitoka kwenye vihamba vya watu, kati ya migomba na mifongo, nje ya msitu. Mashamba ya Wasiha ya mwaka 1905 yalikuwa na wadudu ambao sayansi ilikuwa haijawahi kuwapa majina.

Je, Sjöstedt ndiye basi tumwige? Hapana, naye ana madeni yake. Kwanza, mali iko Stockholm na maelezo yako kwenye lugha ambayo wanafunzi wengi wa Moshi hawaisomi. Pili, kilebo cha "1300–1900 m" kinabeba mita 600 za mlima. Humo ndani kuna vijito vingi na hali ya hewa zaidi ya moja. Kerengende aliyekamatwa akiruka hakuambii amezaliwa kijito gani. Tatu, alikusanya zaidi wadudu waliokomaa, wanaoruka. Wengi wao maisha yao ya majini, yaani sehemu ndefu kabisa ya umri wao, haikuandikwa.

Ukizisoma kazi hizi mbili pamoja, unaona kila moja inakosa kile ambacho mwenzake anacho. Sjöstedt ana majina bila mito. TARISS ina mito bila majina. Na karne nzima iliyopo katikati, hakuna aliyekaa chini akaziunganisha kwa vijito vya Siha.

Viwanja 60, vyote nchi kavu

Labda unasema: lakini Kilimanjaro umechunguzwa sana jamani, kila siku Wazungu wako mlimani. Kweli. Mradi mkubwa kuliko yote wa siku za karibuni, uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia mwaka 2010, uliweka viwanja 60 vya utafiti kuanzia mita 866 hadi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Walichunguza mimea, nyuki, mchwa, ndege, popo, udongo, mpaka kasi ya majani kuoza. Mwaka 2019 matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Nature, yakionyesha jinsi hali ya hewa na matumizi ya ardhi yanavyoshirikiana kubadilisha maisha ya mlima. Ni kazi ya kuheshimiwa.

Lakini angalia viwanja vilikuwa wapi: savana, mashamba ya mahindi, vihamba, mashamba ya kahawa, nyasi, misitu ya aina mbalimbali, na huko juu kwenye vichaka vya baridi. Mto haukuwa kiwanja. Sisemi walikosea, maana mradi mmoja hauwezi kubeba kila kitu. Nasema kwamba mlima uliochunguzwa kuliko karibu yote barani Afrika bado vijito vyake ni ukurasa mweupe, na hatupaswi kudanganywa na wingi wa makala tukadhani kazi imekwisha.

Hata kwa kerengende, kundi linalojulikana vizuri kuliko wadudu wote wa majini wa Afrika, kazi haijaisha. Dijkstra na Clausnitzer walitoa mwaka 2014 kitabu cha kutambua kerengende wote wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Sudan hadi Zimbabwe. Mwaka mmoja tu baadaye, Dijkstra na wenzake walitangaza spishi mpya 60 za Afrika katika makala moja. Sitini! Na hao ni kerengende, wakubwa, wa rangi, wanaoruka mchana kweupe. Sasa fikiria wale wa milimita tano wanaotoka usiku.

Kwa nini jambo hili likuhusu

Unaweza kuuliza, spishi moja ya mdudu ikipotea Siha, nani atalala njaa? Swali la haki kabisa. Jibu langu linaanzia kwenye sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kila chanzo kiwe na akiba: maji ambayo hayagawiwi mtu mwingine mpaka mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mfumo ikolojia wa majini vimelindwa. Kila kibali cha kuchota maji kwa ajili ya shamba kubwa kinapaswa kuheshimu akiba hiyo. Swali linakuja: akiba ya kiasi gani? Mdudu mmoja anahitaji maji yanayokimbia juu ya mawe mwaka mzima. Mwingine anatosheka na dimbwi. Ukijua tu familia, unaweza kupanga akiba inayomtosha yule wa dimbwi na kumuua yule wa mawe, na vipimo vyako vikaendelea kusema mambo ni shwari. Huko Siha ambako kila kiangazi watu wanagombania zamu ya maji ya mfongo, kiasi cha akiba ni suala la mkate wa mtu. Ni haki ya mkulima kwamba anapoambiwa "acha maji haya yapite", anayemwambia ajue yanapita kwa ajili ya nani.

Tena kuna spishi ambazo hazina pa kukimbilia. Mkoani Tanga, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, yupo kerengende mwembamba anayeitwa Amanipodagrion gilliesi, ambaye hajapatikana mahali pengine popote duniani. Tunamjua kwa sababu Amani kulikuwa na kituo cha utafiti tangu enzi za Wajerumani, na watu waliokaa pale miaka mingi wakiangalia maji. Sanya Juu haikupata bahati hiyo baada ya Sjöstedt kuondoka. Kama naye alikuwa na wa aina hiyo, tungejuaje?

Kinachoweza kufanyika bila kusubiri mfadhili

Uhakiki usiotoa njia ni malalamiko tu, kwa hiyo nimalizie kwa mambo matatu. Yote yanawezekana kwa bajeti ya mwanafunzi.

La kwanza ni kuhifadhi. Kila unapofanya TARISS, toa wachache wa kila aina uwatie kwenye chupa yenye ethanoli ya asilimia 95. Siku inayofuata badilisha ethanoli, kwa sababu maji yaliyomo mwilini mwao yameshaizimua. Andika kilebo kwa penseli, ukitie ndani ya chupa: jina la kijito, viwianishi, mwinuko, tarehe, walikuwa chini ya jiwe au kwenye majani, na jina lako. Wino wa kalamu huyeyuka, penseli haiyeyuki. Chupa hiyo leo haina jina la spishi, sawa. Ila miaka ishirini ijayo mtu mwenye mashine ya vinasaba atakushukuru kwa jina lako.

La pili ni kulea. Majina mengi ya spishi yametolewa kwa wadudu waliokomaa, na sisi mtoni tunakamata wachanga. Anayeunganisha mchanga na mkubwa ndiye anayeunganisha mto na jina. Tafuta tunutu aliyekaribia kutoka, utamjua kwa vifuko vya mabawa vilivyokwisha kuwa vyeusi mgongoni. Mweke kwenye kikapu cha wavu ndani ya kijito chenyewe, atoke mwenyewe. Ukiwa na Ephemeroptera, kundi la kina Baetidae, kuwa na subira ya ziada: wao ndio wadudu pekee waliopo leo wanaojivua ngozi tena wakiwa tayari wana mabawa, kwa hiyo anayetoka majini bado hajawa mtu mzima kamili. Akishajivua mara ya mwisho, hifadhi yeye na ngozi zake zote pamoja. Jozi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko fomu hamsini zilizojazwa.

La tatu ni kurudi Kibong'oto. Tasnifu moja tu ya shahada ya uzamili inatosha kuanzia: vijito vichache kati ya mita 1,300 na 1,900, masika na kiangazi, wavu wa TARISS mchana, shuka jeupe na taa ya betri jioni ili kuwavuta wanaoruka usiku, halafu kulinganisha na orodha za Sjöstedt, ambazo siku hizi umri wake umezitoa kwenye hakimiliki. Wanafunzi wa Mweka, wa MWECAU, wa Nelson Mandela pale Arusha: mnalala saa chache tu kutoka hapo. Wanafunzi wa Dar es Salaam, nauli ya basi hadi Boma Ng'ombe mnaijua.

Na kwa wale wanaosimamia fomu za TARISS, kwenye ofisi za mabonde na vyuoni, ombi langu ni dogo. Msibadilishe alama, msibadilishe dakika mbili za kusugua mawe, msibadilishe robo saa ya sinia. Ongezeni mstari mmoja tu chini ya fomu: "Sampuli imehifadhiwa wapi, na kwa namba gani?" Mstari huo ukikaa wazi, fomu isipokelewe.